Kengele ya Saa Tisa

Jumatatu, 3 Juni
Leo nimefunga kengele ya kompyuta shuleni. Niko kwenye majaribio ya kazi, na Mwalimu Mkuu amesema wazi: Ijumaa ni mtihani wa mwisho, kengele ikienda kombo nisirudi. Haiendi kombo. Saa zote nimeziandika kwenye faili la mipangilio, mistari kumi na minne. Programu inaisoma mmoja mmoja. Saa ikifika, inalia. Basi tena Mzee Nyundo, mlinzi anayegonga rimu ya gari tangu mimi sijazaliwa. Nyundo yake nimeificha kabatini, asije akanichanganyia watoto.

Jumanne, 4 Juni
Aibu. Saa tatu asubuhi imelia kengele ya kwenda nyumbani, na shule nzima ikatii. Walimu wamebaki na chaki zao. Kumbe niliandika 9:00 nikimaanisha saa tisa mchana, na mashine huanza kuhesabu saa sita usiku. Saa tisa yetu kwake ni 15:00. Mke wangu kacheka mpaka kakaa chini, kisha akasema nikae nirekebishe mistari yote kumi na minne. Mimi? Nimeiagiza programu ipitie faili yenyewe kila ikiwashwa: isome mstari, iongeze sita, iandike jibu palepale.

Jumatano, 5 Juni
Kila kengele kwa wakati wake! Nimekatiza uwanjani kifua mbele. Nikamshauri Mzee Nyundo aanze kufuga kuku. Yeye akauliza tu kama nimeiona nyundo yake. Nikasema labda panya.

Alhamisi, 6 Juni
Kimya asubuhi nzima. Saa nane mchana ikalia kengele ya kuingia darasani. Mzee Nyundo kaokoa siku kwa kugonga rimu na jiwe. Nimefungua faili: ile saa tisa sasa ni 21:00. Kila asubuhi nikiwasha, inaongeza sita juu ya sita ya jana. Mwalimu Mkuu hakunigombeza. Ameniuliza kwa upole kama nina begi la kubebea vitu vyangu. Naogopa.

Ijumaa, 7 Juni
Nimewasha, ile saa tisa ikawa 3:00. Nikazima, nikawasha: 9:00. Nikazima, nikawasha nimefumba macho: 15:00. Kumbe ikifika ishirini na nne inaanza upya, na sita nne ni siku nzima! Saa mbili kamili kengele ikalia, watoto wakainamia karatasi zao. Mzee Nyundo alikuwa kasimama kando ya rimu, jiwe mkononi, kwa tahadhari. Nimekaa kwenye ngazi na kufuta machozi, sioni haya kuandika.

Jumamosi, 8 Juni
Kazi ni yangu. Mke wangu ananikumbusha ile mistari kumi na minne. Ya nini? Nimebandika karatasi kwenye mashine: WASHA MARA NNE KILA ASUBUHI. Nyundo nitairudisha siku nyingine. Mwalimu Mkuu ameridhika hata kanikabidhi pampu ya maji, ijiwashe saa kumi na mbili asubuhi, matangi yajae kabla watoto hawajafika. Hii haina mambo ya kuongeza sita, ni mstari mmoja tu. Nimeshauandika: 12:00.