Nta Yangu na Sare za Jubilei

Jumatatu, 8 Septemba

Nimeanza darasa la batiki kwa Mwasiti, hapa Nyasubi. Aliyeniandikisha ni mke wangu, Mbuke. Anadai tangu niache kuosha dhahabu kule Geita nimekuwa mtu wa kukaa kibarazani na kushauri wapita njia. Uongo mtupu. Wengine husimama wenyewe.

Mwasiti ni Mzaramo, mimi Msukuma. Yaani mtani wangu. Yaani nikikasirika, mwenye makosa ni mimi. Alinipokea kwa kuuliza kama ng'ombe wangu nao wanakuja kusoma au nimewafunga nje. Darasa zima likacheka, Feisal kuliko wote. Huyu ni fundi cherehani wa sokoni, rika langu kabisa, lakini ananiita mzee.

Tuliyeyusha nta, tukachora maua kwa brashi juu ya kitambaa cheupe. Kuchovya kwenye rangi kulikuwa baada ya chai. Sikungoja. Nilishaelewa.

Jumatano, 10 Septemba

Sikwenda darasani. Nimeshinda nafikiria nta.

Mwaloni, kule tulikokuwa tunaosha mchanga, ukitaka dhahabu unatia zebaki kwenye karai la mchanga. Zebaki inaikamata dhahabu yote, hata ile usiyoiona. Sasa nta ni nini kama si zebaki ya batiki? Inaikamata rangi! Halafu Mwasiti anapaka ua moja hapa, jani moja kule, kitambaa kizima kinabaki na njaa. Ubahili wa pwani huo. Mtu mwenye moyo angepaka kote.

Sijamwambia mtu. Jambo kama hili ukimdokeza Feisal, kesho kafungua duka.

Ijumaa, 12 Septemba

Kwaya ya Akina Mama ina jubilei Jumapili ya wiki ijayo. Mbuke ndiye mwenyekiti. Wamechangishana mwaka mzima, wamenunua jora la kitambaa cheupe, na leo alikuwa anataka kutangaza kwamba kazi ya rangi inakwenda kwa Mwasiti.

Nilimwahi. Nilisimama baada ya mazoezi nikawaambia kazi hiyo naifanya mimi, na zambarau yangu itaonekana mpaka Samuye. Mama mmoja akauliza batiki nimeisomea muda gani. Nikamjibu kwamba suala si muda, ni kipaji.

Wote wakamgeukia Mbuke. Angefanyaje, amkane mume mbele za watu? Akasema taratibu kwamba Baba Ritha akisema ataweza, yeye anamdhamini, na sare zikiharibika ataacha uenyekiti. Nilijivuna sana.

Nyumbani akaniambia ameitumikia kwaya ile tangu mtoto wetu Ritha yuko mgongoni, na katika mtaa huu hana kitu kingine cha kwake isipokuwa hicho. Akaniomba nisimwaibishe. Nikamwambia ale, chakula kinapoa.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimenunua mishumaa yote ya maduka ya mtaani. Nimeiyeyusha kwenye sufuria ya pilau. Nimepaka kitambaa chote upande wa mbele, nikageuza, nikapaka upande wa nyuma. Hakuna sehemu niliyoinyima.

Feisal alipita na baiskeli, akasimama uani, akauliza: mzee, maua yatakaa wapi? Wivu huo. Nikamwambia aendelee na safari yake.

Jioni umeme ukakatika mtaa mzima. Majirani wakaja kuomba mshumaa. Nikawaambia mishumaa ipo tele, ila iko kwenye nguo. Hawakufurahi.

Jumatano, 17 Septemba

Nimechovya. Pipa zima la zambarau, dawa zote kama pakiti inavyoelekeza. Nikatoa kitambaa. Cheupe! Nikarudisha. Nikakoroga kwa mti. Nikatoa tena. Cheupe, na kigumu kama bati, kinasimama chenyewe uani. Kilichoshika rangi ni mikono yangu na mbuzi wa jirani.

Ama rangi ni feki, ama Feisal alikitazama vibaya.

Mbuke akarudi kutoka sokoni. Hakupiga kelele. Alishika pindo la kitambaa, nta ikamkatikia vidoleni, akakaa kizingitini akalia bila sauti. Iliniuma, nakiri. Nikamfariji kwamba tunaweza kusema sare ni nyeupe. Alijitwisha kitambaa chote, akaenda kwa Mwasiti. Sikumfuata. Ningeonekanaje na mikono ile?

Ijumaa, 19 Septemba

Siku mbili sasa Mbuke anatoka alfajiri. Uji najipikia. Leo nimekwenda kuchungulia.

Mwasiti akanieleza, mbele ya watu wote, kwamba nta haikamati rangi, inaizuia. Ulipopaka ndipo rangi isipoingia. Akasema hajapata kuona Msukuma anaivalisha nguo koti la mvua, halafu anailaumu mvua kwa kutolowesha. Ikabidi nicheke. Utani ni utani, lakini mwingine una meno.

Walishachemsha kitambaa, wakaiondoa nta yangu, wakachora njiwa, wakachovya upya. Mbuke alikuwa kwenye pipa la maji ya moto anatoa nta ya njiwa, vidole vimeungua. Feisal alikuwa anashona, chakula kimepoa pembeni. Nikajitolea kuwa msimamizi. Nikapewa shoka nipasue kuni.

Jumapili, 21 Septemba

Jubilei. Akina mama wameingia kanisani na zambarau nzito yenye njiwa weupe, watu wakasimama bila kuambiwa. Mbuke mbele, vidole vimefungwa bandeji, bado mwenyekiti. Mchungaji alimshukuru kwa jina. Akawashukuru Mwasiti na Feisal, waliokuja kama wageni wakakaa nyuma. Kuna mtu mmoja alimsahau. Kwani nta iliyowachora wale njiwa ilikuwa ya nani? Waliikusanya kutoka kwenye maji ya kuchemshia. Yangu yote!

Baada ya ibada akanijia mama anayeongoza kwaya iliyoalikwa kutoka Mwadui. Akauliza fundi wa sare zile ni nani. Mbuke alikuwa mbali, anapigwa picha na wenzake, anacheka kwa mara ya kwanza wiki hii. Sikutaka kumkatiza. Nikasema fundi ni mimi.

Nimechukua kazi ya sare zao za Krismasi. Safari hii nitapaka nta upande mmoja tu, kosa lilikuwa pale. Yule mama alisita kidogo, akataka kujua nani atanidhamini. Nikamtajia Mbuke. Akakubali palepale, hata swali la pili hakuuliza. Sikujua jina la mke wangu linaaminika kiasi kile.