Wiki Niliyoacha Kazi Ili Nibembelezwe

Jumatatu, 4 Novemba

Nimejiuzulu. Si kweli kweli, lakini barua imeandikwa. Miaka kumi na tisa mimi ni mwandishi wa gazeti letu la mji, kurasa nane kila wiki, na juzi Mhariri kampa Kidevu kiti cha naibu wake. Kidevu! Mtu wa michezo. Tunamwita hivyo kwa sababu kidevu chake huingia chumbani kabla yake. Mimi nakaa vikao vya mtaa, mitaro, maji, mazishi. Yeye mpira. Basi nikaona niandike barua ya kuacha kazi, Mhariri ashtuke, anibembeleze, anipe kiti. Mpango safi.

Mhariri kaisoma mara mbili. Akavua miwani. Akauliza kama Ijumaa itanifaa, maana Ijumaa watu wote huwepo na wanaweza kuniaga kwa soda. Nikasema itanifaa. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Nyumbani mke wangu kauliza kama ninaumwa. Nikamwambia huu ni mkakati. Akaendelea kukunja nguo.

Jumanne, 5 Novemba

Kidevu ameshautangazia mji mzima kwamba naondoka. Vizuri, habari zienee. Sasa mkakati wa pili: wasomaji wanililie. Nimeandika barua saba za wasomaji, tatu kwa mkono wa kushoto. Mmoja mwanajeshi mstaafu, mmoja mwanafunzi, mmoja mjane. Huyo mjane kanitoa machozi mimi mwenyewe. Wote wanasema gazeti bila mimi ni mchuzi bila chumvi, na wote wanaikumbuka makala yangu kuhusu mizani ya wizi sokoni. Nimezitumbukiza kwenye sanduku la maoni, pale getini.

Mgongo unauma. Umri huu si wa kuandika kwa mkono wa kushoto.

Jumatano, 6 Novemba

Mhariri kazisoma barua mbele ya wote, kikao cha asubuhi. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Alipomaliza akauliza wasomaji hawa waliisoma wapi makala ya mizani. Nikasema gazetini, wapi tena? Akasema makala ile ilikuwa nzuri sana, ila haikuwahi kuchapwa. Wiki ile tangazo la magodoro lilichukua ukurasa mzima.

Miaka kumi na tisa, mtu unasahau kipi kilitoka na kipi kilikufa mezani.

Kidevu alicheka mpaka akashika ukuta. Mpiga chapa, mama mwenye huruma, akaninong'oneza kwamba mjane alimgusa. Angalau.

Sandukuni kulikuwa na barua ya nane, si yangu. Karatasi iliyochanwa daftarini, mistari miwili: yule bwana wa daftari asiondoke, akiwepo kikaoni wakubwa hawasemi ovyo. Basi. Hakuna hata neno moja juu ya uandishi wangu! Mhariri kaichanganya na zile zangu, akiamini zote ni mkono mmoja. Sikumsahihisha. Sikutaka barua hafifu kama ile iniharibie kesi.

Alhamisi, 7 Novemba

Kikao cha mtaa, kazi yangu ya mwisho. Nimekaa benchi la nyuma, daftari gotini, naorodhesha watu walionidharau tangu mwaka wa kwanza. Nilikuwa ukurasa wa pili nilipoona ukumbi umenyamaza. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa anaitazama kalamu yangu. Akakohoa, akasema jambo hili ni zito, halitaki haraka, litaamuliwa Jumamosi saa tisa. Kisha akaniuliza kwa upole kama ni kweli kesho namaliza kazi. Nikasema ndiyo. Akatabasamu. Nikadhani kanihurumia.

Nje ilibidi nimuulize fundi viatu mmoja aliyetoka kikaoni jambo gani hilo zito. Akaniambia ni kiwanja cha bomba letu la maji. Kuna mtu anakitaka, bomba ling'olewe, na lingeng'olewa leo hii kama Mwenyekiti asingeniona naandika.

"Kaka," akasema, "wewe ukiondoka, nani atakaa pale akiandika?"

Nikamjibu hilo akamuulize Mhariri. Nimerudi kwa miguu, polepole. Nimekaa vikao vile miaka yote nikidhani kazi yangu ni makala. Kumbe ilikuwa kukaa.

Ijumaa, 8 Novemba

Soda ilikuwa ya moto. Kidevu katoa hotuba.

Baadaye Mhariri kaniita pembeni. Fundi viatu alifika asubuhi, akaapa kwamba ile barua ya mistari miwili ni yake. Mhariri alikuwa ameshika barua yangu ya kuacha kazi. Hajaipeleka kwa mwenye gazeti.

"Mzee mwenzangu," akasema, "vikao vile hakuna mwingine anayeviweza. Sema neno moja tu, niichane."

Neno lilikuwa mdomoni. Nibaki. Lakini nikaona, aa, nimemshika pabaya huyu! Nikasema nitafikiria, akinipa kiti cha Kidevu, meza ya dirishani, na makala ya mizani ukurasa wa kwanza.

Mhariri kaiweka barua mezani. Halafu akaigonga mhuri wa kukubali.

Nimelia kidogo chooni. Naandika kwa sababu hakuna atakayesoma.

Jumamosi, 9 Novemba

Mke wangu kasema niende kikao cha saa tisa. Daftari si la ofisi, ni langu, na bomba lile ndilo tunalochota sisi. Nikamweleza kwa utaratibu: nisipokwenda, bomba litang'olewa, mji utalia, Mhariri atakuja mwenyewe kunipigia magoti. Akauliza siku hiyo nitampa maji ya kunywa kutoka wapi. Sikuwa nimefika huko.

Kachukua daftari na kalamu, akaondoka. Mimi nikavaa shati safi, nikakaa kuukabili mlango.

Karudi jua linazama. Alikaa benchi la nyuma akaandika kila neno. Mwenyekiti alimuuliza anamwandikia nani. Akamjibu, "Sisi tunaochota." Bomba limebaki. Mhariri naye alikuwepo, maana Kidevu alikuwa mpirani na hakukuwa na mtu wa kutuma. Kasoma daftari pale pale, akiwa amesimama. Kamwomba mke wangu aanze kazi Jumatatu, na mke wangu kakubali.

Nimelifikiria sana jambo hili. Ni wazi kwamba Mhariri ananitaka mimi ila anaona haya, ndiyo maana kaanza kwa mke wangu. Sitamrahisishia. Jumatatu mke wangu akienda kazini, mimi nitabaki hapa hapa, shati limepigwa pasi, mlango wazi. Mtu asionyeshe haraka.