Bomba la Mama Mapazia

Redio ilipotangaza kwamba kila mwenye nyumba akague bomba linaloingiza maji kwake, watu wengi waliingiwa na hofu. Mabomba ya zamani ya risasi, tangazo lilisema, yana sumu inayodhuru ubongo wa watoto. Ya shaba, chuma na plastiki hayana sumu hiyo. Wengine walisikia hatari. Sumaku alisikia shaba.

Maana shaba, kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, hupokelewa kwa mikono miwili, na mjini humo ilikuwa imelala tu chini ya bustani za watu bila mlinzi.

Keshoye alipiga hodi kwa watu akiwa na kofia ngumu, kizibao cha rangi ya machungwa na sauti ya mtu wa ofisini. Jina la Sumaku alipewa mtaani kwa sababu vitu vya watu vilizoea kumganda, lakini sasa alitembea na sumaku ya kweli mfukoni. Aliigusisha kwenye bomba: ikinata, hilo ni chuma, anaaga kwa heshima. Isiponata, anakwaruza kwa ufunguo. Mkwaruzo ukimeta kama fedha na bomba likiwa laini, hiyo ni risasi yenyewe, na hapo aliaga upesi zaidi, kwani risasi ni nzito na bei yake inasikitisha. Ila ukitoka mwekundu, aliufunika kwa dole gumba, akashusha pumzi kama daktari, akatangaza kwamba ni risasi. Kisha, kwa huruma ambayo hata mwenyewe ilimgusa, alijitolea kuling'oa bure na kuweka la plastiki.

Ndivyo alivyofika kwa Mama Mapazia, mjane aliyeishi kwa kushona mapazia, ambaye binti yake alikuwa amerudi nyumbani na kichanga. Chini ya sinki la jikoni bomba lilitokeza kipande cha shaba safi hata Sumaku akameza mate. Kutoka hapo hadi getini palikuwa na uwanja mrefu. Moyoni akaanza kuihesabu shaba yote hiyo.

"Ni risasi, mama. Pole sana."

Mama Mapazia alishika kifua. Akasema anamwamini, yeye macho yake yameisha kwa sindano. Ombi lake lilikuwa moja: la zamani lisiguswe mpaka jipya liwe limelazwa na maji yanatoka, maana nepi za mtoto hazingoji mtu. Sumaku akaona ni ombi dogo. Akaenda kununua bomba refu la plastiki kwa fedha zake, akavua kizibao, akashika sululu.

Udongo ulikuwa mgumu kama roho ya mwenye nyumba anayedai kodi. Mama Mapazia alimsimamia kutoka dirishani, akimwomba kwa upole asikanyage maua. Jua lilipoinama maji yalitoka jikoni, meupe na mengi, na Sumaku, viganja vimechubuka, akafukua bomba lake la zamani akalivuta.

Shaba ilikuja urefu wa mkono mmoja. Kisha kikaja kiungio kipya kinachong'aa. Kisha likafuata dude la kijivu, nene, lililolegea. Alilikwaruza ingawa alishajua. Likameta kama kisu.

Alikaa chini.

"Mama," akasema, "hii ni risasi."

"Si ndivyo ulivyoniambia asubuhi, mwanangu?"

Mama Mapazia akamweleza bila kinyongo. Mafundi walikuwa wamemtajia gharama ya kubadilisha bomba ambayo cherehani yake isingeiweza hata ishone usiku na mchana. Ndipo wifi yake akaja analia kwamba mtu wa kizibao cha machungwa amemng'olea shaba yake nzima. Wifi alilia, Mama Mapazia akawaza. Akamwita fundi aunge kipande cha shaba pale tu jicho linapofika, akaketi kungoja hodi.

"Ungeniambia tu hali yako," Sumaku akasema, kwa uchungu wa kweli.

"Ungechimba?"

Binti akatoka na mtoto begani. Yeye hakuwa na habari ya mtego huo. Akamshukuru Sumaku kwa machozi, akisema alikuwa anaogopa hata kumwogesha mwanawe. Sumaku hakuwahi kushukuriwa kwa kitu alichokifanya kweli, na hakujua aiweke wapi ile shukrani.

"Na sumu yetu uende nayo, baba," Mama Mapazia akasema.

Akalikunja lile dude begani. Kwa ulaini wake likamzunguka shingo kama mtandio, likamwinamisha. Getini akakuta majirani wamejaa. Nyumba zao zilijengwa pamoja na hiyo, kwa mabomba hayo hayo ya risasi, na habari ya fundi wa bure ilikuwa imeshaenea. Walimsalimia kwa heshima zote. Wa nyumba iliyofuata alikuwa ameshamwagia udongo wake maji, usije ukamsumbua kuchimba.