Hitma ya Mwanarusi na Kurunzi Isiyo na Mawe

Ilikuwa Alhamisi, tarehe nne Oktoba, mwaka wa 1956, mwishoni mwa Mfunguo Tano, mwezi wa mbinguni umekwisha na mambo ya duniani yameharibika. Sogeeni, enyi mkaao vibarazani mkisifu farasi wa sultani huyu na upanga wa mfalme yule! Iacheni kahawa ipoe, mnisikilize mimi, Mbwana wa Chome, mkata mkonge, mgane wa mlango wa tatu katika kambi yetu kusini ya Msambweni. Nitawasimulia namna giza lilivyotuzingira, na namna kurunzi moja ilivyolipasua.

Kwanza mjue asili ya vita. Mwaka ule kampuni ilileta injini ya umeme, kila mlango ukatiwa taa moja, nyekundu kama jicho la mlevi. Karani mkuu, bingwa wa maneno na viatu vya kung'aa, akapanda juu ya sanduku akanena:

"Enyi watu wa kambi! Giza limekufa. Koroboi zote zirudishwe stoo, zisije zikatuunguzia nyumba. Na kwa kuwa kampuni yawapenda, kila nyumba itapewa kurunzi ya tahadhari, endapo taa zitazimika. Lakini hazitazimika."

Tukapewa. Tukazifungua. Ndani hamna kitu, hata betri moja.

"Na mawe yake je, bwana karani?" nikauliza.

"Mawe mtatafuta wenyewe, mzee. Kampuni imeshatoa kurunzi."

Basi askari kapewa ala, upanga akautafute mwenyewe! Hata hivyo nilijiandaa, wala sidhani yuko jemadari aliyejiandaa kunipita. Nilipata mawe mawili makuukuu, na kila yalipolegea niliyaanika juu ya bati pamoja na uduvi, yanywe jua yarudiwe na nguvu, kama tufanyavyo sote. Kurunzi nikaitundika msumarini nyuma ya mlango, pale pale alipokuwa akitundika mtandio wake marehemu mke wangu, Mwanarusi. Kila Ijumaa niliifuta kioo chake, nikairudisha, nikaiamkia kama mkubwa.

Alhamisi hiyo baada ya magharibi ilikuwa hitma ya Mwanarusi, mwaka mmoja tangu afariki. Majirani walijaa chumbani hata wengine wakakaa mlangoni. Maalim Kibwana akagawa juzuu thelathini, kila msomaji na yake, maana dua haiombwi mpaka zote ziishe. Chirau wa mlango wa nne, shujaa wa kazi nyepesi, akaiwahi Amma, ile iliyo vichwani mwa watoto wote wa chuo, akaimaliza mara moja, kisha akahamia upande unakotoka harufu ya pilau.

Mimi nasoma kama mtu apitaye mibani bila viatu. Utotoni sikukaa chuoni. Mwanarusi, binti wa maalim, ndiye aliyenifundisha herufi, nimeshaota ndevu, naye akinicheka mpaka machozi. Kwa hiyo niliapa: juzuu yangu katika hitma yake nitaisoma kwa mdomo wangu, mpaka mwisho.

Wote wakamaliza. Mimi nimebakiwa na ukurasa mmoja. Ndipo injini, kule bondeni, ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.

Loo! Giza likaingia bila hodi, likakaa juu ya mikeka kama ndilo lililoalikwa. Koroboi ziko stoo, na stoo ina kufuli. Moto wa jikoni ni makaa tu, yamepaliwa juu ya mfuniko wa sufuria.

"Mbwana, ndugu yangu," akasema Maalim kwa upole, "nitajie ulipofika, nikumalizie. Upande huo ninao moyoni."

"La, Maalim. Nisamehe. Huu ni wangu. Tulieni, enyi waumini! Siku niliyoingojea imewadia!"

Nikainuka, nikavuka magoti ya watu, nikakanyaga vidole vya mtu ambaye mpaka leo hajajitaja. Nikaifikia silaha. Nikabonyeza. Ta! Nikabonyeza tena. Ta! Nikaifungua, mawe yamevuja, yametoa uji mweusi unaonuka uduvi.

Mtu mmoja akacheka. Nilimjua kwa kicheko chake.

"Wacheka nini, Chirau? Wewe una mawe mapya. Ulinionyesha juzi, bado yamo katika karatasi yake. Niazime!"

"Mzee Mbwana," akajibu, sauti imejaa heshima isiyo na msaada, "mawe yale ni ya dharura."

"Na hii ni nini?"

"Hii ni dharura ya kwako. Mimi nimeweka ya kwangu. Kwani taa zikizimika nyumbani kwangu, nitafanya nini?"

"Zimezimika nyumbani kwako sasa hivi!"

"Lakini mimi simo."

Hapo ndipo alipotokea mlangoni Kanze, mpishi wa hitma, malkia wa sufuria, upawa mkononi. Hatukumwona, tulisikia ukigonga bati.

"We Chirau! Basi na pilau hili nalo ni la dharura. Ngoja lako. Dua haijaombwa, hapakuliwi hapa!"

Kambi nzima ikasikia Chirau akimeza mate. Akatoka, akarudi na kurunzi yake imeshatiwa mawe, lakini kuiachia hataki.

"Nitakumulikia mwenyewe. Ukisoma nawasha. Ukinyamaza nazima, tusiyamalize."

Hivyo ndivyo nilivyosoma. Nikikwama kwenye neno, giza. Nikilipata, nuru. Nikivuta pumzi, giza. Nikapigana mstari kwa mstari, jasho likinidondoka ndevuni, nikimsikia Mwanarusi masikioni akisema, vuta hapo, Mbwana, usikimbie. Katikati ya ukurasa nikakwama kabisa, kwa jambo lisilohusu herufi. Nikangoja giza. Halikuja. Chirau hakuzima. Aliishika kurunzi kwa mikono miwili, ameangalia pembeni, mpaka nikamaliza.

"Sadaqallahul-adhim," nikasema.

"Allahu akbar!" akaitika Maalim. "Iandikwe kwamba hitma ya Mwanarusi imetimia, na mumewe ndiye aliyeifunga!"

Kanze akapiga kigelegele, asijali kama ni mahali pake. Dua ikaombwa, pilau likaliwa gizani, na Chirau akamulika sinia yake peke yake.

Tukiwa tunanawa, akapita Jefwa, fundi wa injini.

"Injini haina ubaya. Mafuta yamekwisha."

"Mapipa si yaliletwa Jumatatu?" nikauliza.

"Yaliletwa. Mimi sijui zaidi, baba."

Asubuhi nilikwenda kwa karani mkuu. Akanisikiliza huku akifuta kiatu. "Mzee," akasema, "wewe shukuru una kurunzi."

Nikamwambia sikuja kwa ajili ya taa. Mwaka mmoja nyuma, Mwanarusi amelala kitandani anatweta, nilisimama mbele ya meza ile ile nikiomba lori limpeleke hospitali, nikajibiwa jibu lile lile: mafuta yamekwisha. Na wiki ile pia mapipa yalikuwa yameletwa. Niliyateremsha mimi mwenyewe, kwa bega hili.

Basi nikamwuliza, na tangu siku hiyo namwuliza kila aketiye kwenye kiti kile: mafuta yale yalikwenda wapi?