Kipimo cha Haki na Kitako Chake

Rafiki zangu, nimefedheheka leo mchana kweupe, tena mbele ya watu niliowaalika kwa barua.

Mnajua kwamba leo nimefungua maonyesho yangu ya kwanza ya sanaa, hapa Homa Bay. Maudhui ni jasho la wanawake wanaoanika omena, wale dagaa wa ziwani, huko Karungu, na jinsi linavyopunjwa sokoni. Kitovu cha maonyesho kilikuwa gorogoro, ule mkebe wa bati wa kupimia nafaka. Niliununua ukiwa mkuukuu, sokoni Migori. Muuzaji alicheka aliponikabidhi. (Nilidhani anapenda sanaa.) Nikausugua siku mbili, nikauweka juu ya meza yenye kitambaa cheupe, nikaandika chini yake: "Kipimo cha Haki."

Hotuba yangu ilikuwa kali. Niliwalaani madalali, nikalitetea jasho. Kisha nikamwita Mama Atieno, mwanikaji wa omena aliyefika na wenzake tisa kutoka Karungu, tubadilishane mbele ya hadhira: gorogoro moja ya omena yake kwa gorogoro moja ya mahindi yangu. Wanawake hao wakiikataa kazi yangu, basi nimetumia jasho lao kujitafutia jina tu.

Mama Atieno alipima kwa mkebe wake mwenyewe, ukafurika, akaimwaga omena kwenye beseni langu. Akaongeza konzi nzima ya nyongeza. Nami nikapima kwa Kipimo cha Haki, nikayamimina mahindi katika mkebe wake.

Hayakujaa! Yalikoma vidole vitatu chini ya ukingo.

"Nyathina, mwanangu," akaniuliza, "hayo mengine umekula?"

Akaupindua mkebe wangu. Kitako kilikuwa kimegongwa kikaingia ndani kama shavu la kibogoyo. (Nilikuwa nimekiona kibonyeo hicho. Nilikiita alama ya historia. Miaka minne ya chuo!)

"Si hii ndio ile ya kutuibia!" mwenzake akapaza sauti. "Msomi ametuletea mwizi, akamvalisha kitambaa cheupe!"

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Mamangu mzazi, mstari wa mbele, alijifunika uso kwa mkoba.

"Mama, sikujua," nikasema.

"Najua hukujua. Ungejua, ungetuita? Leta jiwe."

Nikaleta. Akaingiza mkono mkebeni, akagonga, ko! ko! ko! Kitako kikanyooka.

"Pima tena."

Nikapima. Yakajaa.

"Na nyongeza?" wakauliza wote kumi kwa pamoja.

Nikaongeza konzi mbili. Vigelegele! Wageni wakatoka mbio kuleta mikebe ya vibanda vya jirani, na kila mmoja ukapinduliwa na kukaguliwa. Hadi alasiri jiwe lilikuwa bado linagonga. Sijawahi kuota maonyesho kama hayo.

"Sasa hii ni kipimo," Mama Atieno akasema. "Andika jina langu chini ya lako."

Nimeliandika juu ya langu.

Kwa hiyo kazi hiyo ina wasanii wawili, na mmoja wao hajui kukagua kitako cha gorogoro. Atakayenicheka, kwanza apindue mkebe wa kwao.