Mizambarau ya Tusekile

Jumatatu, 2 Desemba

Mvua imefika Hasamba. Mvua ya kweli, siyo ile ya kutuonjesha. Mahema mawili yanavuja. Nimeyahamishia nyuma ya mengine ili Mchungaji asiyaone.

Mchungaji Edson ametukusanya jikoni, sisi watumishi wote wa kituo cha kambi. Ametangaza kwamba Jumatatu ijayo, Sikukuu ya Uhuru, watoto wa kipaimara wanakuja kutoka Tunduma. Asubuhi watavuka daraja la kamba, mchana watapanda miti kuzunguka chemchemi. Miti gani? Mizambarau ya marehemu mke wangu! Nilifurahi mpaka nikasimama. Kisha akasema msimamizi wa upandaji ni Jenista. Nikakaa.

Jenista! Ameletwa kutoka Vwawa mwezi wa saba kushika kitalu cha Tusekile. Mimi, mume mtu, nimeachiwa mahema na kamba.

Tusekile alifariki wiki ya Pasaka. Mizambarau hiyo aliiotesha Februari akiwa amekaa kwenye kigoda, kwa sababu miguu ilikuwa imeshakataa. Mimi nilijaza udongo kwenye viriba, yeye akatia mbegu, kila moja kwa kidole chake. Hakufanya kazi nyingine tena hapa duniani. Naandika haya machozi yananitoka, na jikoni hakuna moshi.

Jumanne, 3 Desemba

Nimekwenda kitaluni kukagua. Aibu tupu. Mizambarau yetu haijafika hata gotini. Kando yake imesimama miti ya mbao ya Jenista, migrivilea, imefika kiunoni, inapepea kwa majivuno.

Nimemuuliza Jenista, kwa upole kabisa, kwa nini anainyanyasa miti ya marehemu. Akasema mzambarau hujenga mizizi kwanza, dada Tusekile alilijua hilo, na kaka Boazi asiwe na wasiwasi. Kaka! Ulimi wa asali, na kiti cha mke wangu amekalia.

Halafu nimesikia jingine. Mche wa kwanza utapandwa na mama mkwe. Anatoka Momba kwa ajili hiyo tu. Ataona miti ya mwanawe imedumaa mbele ya miti ya mtu baki. Atasema nini? Hatasema kitu, maana mimi na yeye hatusemezani ana kwa ana, ndiyo heshima yetu. Lakini atawaza. Atawaza kwamba nilimtunza Tusekile hivyo hivyo.

Nimepandisha viriba vyote juu ya matofali. Mizambarau imerefuka palepale.

Jumatano, 4 Desemba

Kuku wa Mchungaji wamepanda juu ya matofali. Viriba vitatu chini. Jenista ameshusha vyote bila kuniomba ruhusa. Mche mmoja umevunjika shingo. Ameufunga uzi akaenda nao nyumbani kwake, eti auuguze. Nimemwambia huo sasa ni kuni.

Ila Bwana ni mwema. Jenista anakwenda Vwawa kwenye harusi ya mdogo wake, atarudi Jumatatu mchana. Amenikabidhi kitalu! Akaniagiza maji asubuhi tu, na nisiguse kitu kingine.

Nisiguse. Mimi mkulima wa Mbozi! Nani hapa hajui dawa ya mmea uliodumaa? Mahindi yakiwa manjano unayapa mbolea ya kukuzia, na wiki haiishi yanakuwa kijani mpaka majirani wananuna. Nina nusu gunia nyumbani.

Tusekile alikuwa na sheria moja: mbolea ya gunia isiingie kitaluni. Yeye alikuwa mtu wa samadi iliyooza na kusubiri. Watoto wa kambi aliwafundisha kwamba Adamu alipewa kazi ya kutunza bustani kabla ya kupewa mke, kwa hiyo wanaume hawana kisingizio. Walipocheka, mimi nilinuna. Sasa ningetoa chochote nimsikie akiwachekesha watu juu yangu.

Nimeweka kiganja kimoja kila kiriba.

Alhamisi, 5 Desemba

Ushindi! Majani yamekolea kijani, naapa. Nimemvuta Mchungaji aje aone. Akasema naam, kweli kabisa, huku akitazama simu.

Nimeongeza kiganja cha pili. Kitu kikifaa, kifae zaidi.

Ijumaa, 6 Desemba

Ncha za majani zimekuwa kahawia. Bila shaka ni kiu. Nimemwaga maji ndoo kwa ndoo. Mchana yamejikunja. Nimesimamisha turubai la hema kuwa kivuli. Jioni yameanza kupukutika.

Nimeiombea miche. Kwa sauti. Mpishi amepita akadhani namwombea yeye, akaitikia amina.

Jumamosi, 7 Desemba

Imekufa yote.

Nimekaa kwenye kigoda chake. Nimechomoa mmoja, mizizi imekuwa myeusi, inakatika kama uzi uliooza. Nimetafuta hata mmoja wenye uhai, nikakwangua magome kwa ukucha kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho. Hakuna.

Siku ya mazishi sikulia sana. Watu walinisifu kwamba nimekaza moyo. Kumbe nilikuwa najiambia Tusekile bado yupo kitaluni, anaota. Leo nimelia mpaka kuku wamekimbia.

Jumapili, 8 Desemba

Sikwenda ibadani. Nimetuma salamu kwamba tumbo linasumbua, na siyo uongo mkubwa.

Wakati wanaimba, nimechukua panga nikaenda chemchemini, pale penye mzambarau wa zamani. Nimekata vitawi, kimoja kwa kila kiriba. Nimeng'oa iliyokufa, nikachomeka vitawi, nikashindilia udongo. Majani mapana, yanang'aa, na urefu hadi kiunoni! Migrivilea imefunikwa.

Nilirudi nyuma nikatazama mstari wote. Ilipendeza mno. Nikajisahau, nikaita, "Tusekile, njoo uone!"

Nikaendelea kusimama pale mpaka waumini walipotoka.

Jumatatu, 9 Desemba

Watoto wamefika. Daraja la kamba limekwenda vizuri, ila hakuna aliyenipongeza.

Mchana tukashuka chemchemini. Mama mkwe amekuja na kitenge alichovaa msibani. Nimemwamkia kwa mbali, nimechuchumaa, macho chini. Mchungaji akaomba. Jenista, ametoka kushuka kwenye gari, alitazama viriba mara moja tu, akanitazama mimi. Nikajua amejua.

Mama alipiga magoti kwenye shimo, akachana kiriba. Udongo ukamwagika wote. Mkononi kikabaki kijiti, kimekatwa mshazari kwa panga.

Akachana cha pili. Kijiti. Cha tatu. Mtoto mmoja akacheka, Mchungaji akamkata jicho.

Mama akamuuliza Jenista, siyo mimi, miti ya mwanangu iko wapi. Jenista akanigeukia. Nikamwomba amwambie mama kwamba nilitaka iwe mirefu. Nilitaka aione mirefu, basi. Jenista akafikisha, ingawa tulikuwa hatua chache tu na kila mtu alisikia.

Mama alikiweka kijiti chini. Kisha akasema, "Mwambie mkwe wangu, Tusekile naye alizaliwa mdogo. Walisema hatafika. Nilimwacha akue."

Akajifunika kitenge kichwani akalia. Nilitaka kwenda kumshika. Desturi hairuhusu, nami sikujua mikono yangu niiweke wapi. Nikalia peke yangu upande wangu wa chemchemi.

Jenista aliondoka mbio. Akarudi na kiriba kimoja kifuani. Ni ule uliovunjika shingo! Uzi bado upo, na juu ya uzi majani mawili mapya, mekundu. Haukupata mbolea yangu. Mama akaupanda kwa mikono yake, akaushindilia taratibu.

Alipoondoka alimwachia Jenista neno: mti huu ni wa mkwe wangu, autunze yeye.

Jumanne, 10 Desemba

Nimeamkia chemchemini. Upo. Majani mawili, na tone la maji kwenye kila moja. Nimeuzungushia miiba. Nimeuambia habari za nyumbani.

Jenista amekuja. Nilitegemea anifokee. Akasema tu kwamba zambarau zikiiva tutaotesha nyingine, na atanihitaji kujaza udongo. Nimemwambia asante. Nimesema na nimemaanisha. Nimemwahidi pia, mkono juu, kwamba sitaweka tena viganja viwili vya mbolea kwenye mche.

Nimejifunza, na sioni haya kukiri. Kiganja ni kikubwa mno.

Lakini mama mkwe atarudi Pasaka kwa ibada ya mwaka wa Tusekile. Aukute mti umebaki hivi hivi, na majani mawili? Mti pekee uliobaki wa mwanawe?

Nimepita nyumbani kuchukua kijiko cha chai. Kijiko kimoja tu, tena hakijajaa. Tusekile angenielewa.