Bakuli Lililo Juu ya Paa Langu

Mheshimiwa Mhandisi wa Majengo,

Natumaini hujambo, na ofisi yako ipo salama pale pale ilipo. Mimi ndiye mwenye jengo la ghorofa sita kwenye kona ya soko. Kibali chako kilikuwa cha ghorofa nne. Mbili za juu niliongeza mwenyewe, sikutaka kukusumbua tena. Nakuandikia nikiwa nimekerwa na bakuli.

Bakuli lenyewe ni la plastiki, la kuoshea mboga. Limefunikwa juu ya sinia la bati, na ndani yake mna kifaa kidogo cha kupokea mawimbi ya setilaiti, cha bei ya jozi ya viatu vya shule. Aliyeliweka ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, mpima ardhi kwa taaluma, ambaye amepanga kwangu ghorofa ya tatu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Bakuli linapima sawasawa. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Ofisi yako ina mashine ya kupimia ya gharama kubwa, imefungiwa kabatini, na tangu inunuliwe haijawahi kumkosea adabu mwenye nyumba yeyote. Leo chombo cha jikoni kinataja milimita! Kwa cheo gani?

2. Mbinu yenyewe ni ya kihuni. Shemeji anakiri kwamba kifaa kimoja cha bei hiyo hukosea hata mita kadhaa. Basi ameweka viwili: kimoja juu ya paa langu, kingine kwenye mwamba nyuma ya shule, ambao hauendi popote. Anasema vyote viwili hukosea kwa namna moja, hivyo akilinganisha hiki na kile, makosa yanafutana na ukweli unabaki. Nimefanya biashara miaka mingi, Mheshimiwa. Waongo wawili wakikubaliana, sisi huwaita mashahidi. Hatuwaiti vipimo.

3. Kwa mujibu wa bakuli, kona ya jengo langu iliyo upande wa barabara inasogea nje milimita nne kila mwezi, na mvua zilipoanza ikaongeza mwendo. Milimita nne ni nini? Ni sarafu mbili zilizobebana. Mkaguzi wako alipokuja alilitazama jengo akiwa ndani ya gari, akaandika kuwa limesimama. Na kweli lilikuwa limesimama, nilikuwepo.

4. Kila Jumatatu shemeji hubandika vipimo ukutani, penye ngazi. Wapangaji waliokuwa wakiniamkia kwa adabu sasa wana maneno. Fundi cherehani wa chini, ambaye mlango wake umegoma kufunga nami nikamshauri aupige randa, hunipokea hivi: "Mzee, leo tumefika wapi?" Mama wa mapacha akaniita nikaone gololi za wanawe zinavyobingirika zenyewe hadi dirishani. Nilimkumbusha kuwa mchezo huo simtozi.

5. Nilipomwita shemeji tuyamalize kifamilia, hakukubali hata kukaa. "Shemeji, watu watoke kwanza. Kugombana tutagombana baadaye, tukiwa hai." Sasa nauliza: ikiwa kila mwenye bakuli ataruhusiwa kujua nyumba yake inaelekea wapi, nani atabaki ndani?

Kwa hiyo naomba bakuli lishushwe mara moja. Pili, usahihi wa chini ya mita moja upigwe marufuku kwa watu wa kipato cha chini. Kila mtu apime kwa kadiri ya uwezo wake. Na jengo langu likilazimika kupimwa, lipimwe kwa mashine yako, kiangazi, udongo ukiwa umekauka na kutulia. Mpaka hapo, familia zote kumi na nane zitaendelea kukaa humo kama kawaida, kwa kuwa hatari haipo.

Wasalimie wote ofisini, pamoja na mkaguzi, na dereva wake aliyeegesha mbali kwa busara.

Wako mtiifu, nisiyeyumba,

Mwenye Jengo

Tanbihi: Majibu usiyapeleke ghorofani. Mimi, mke wangu na watoto tumehamia nyumba ya chini, ng'ambo ya soko. Kabla sijakubali kuipanga, nilimsihi shemeji aweke bakuli jingine juu ya paa la nyumba hiyo. Alipima wiki kadhaa, akasema nyumba haijasogea hata unywele. Katika mambo haya simwamini mtu mwingine. Tunalala fofofo.